Kama Mjukuu, au Kama Karani?

Simu nimeiegemeza kwenye kopo la sukari.
Nyanya anaitazama
kama mgeni aliyeingia bila hodi.
"Hiyo inameza kila neno?"
Kila neno, Nyanya.
"Basi ianze na hili: goti linaniuma,
na makaa yamepanda bei tena."

Daftarini nina maswali kumi na mawili.
La kwanza: babu yako alitoka wapi?

Anasuka kawa. Ukindu mwekundu unapita chini ya mweusi,
unatokea, unapotea.
"Unaniuliza kama nani?
Kama mjukuu, au kama karani?"

Nacheka. Yeye hacheki.

"Maana karani aliniuliza hivyo hivyo,
mwaka ule wanawake tulipoanza kupewa vitambulisho.
Benchi la mbao, tangu alfajiri,
baba yako tumboni, miezi saba.
Akasema, lete ushahidi wa babu.
Nikampelekea nishani yake ya vita.
Akaigeuza, akaigonga mezani kama sarafu bandia:
Hii ni shaba, mama. Mimi nataka karatasi."

Kama wote wawili, Nyanya, nakiri.
Jumatatu nami naitwa kuhojiwa.

Mikono inasimama.
Nje, Makina yote inakaanga kitu.
"Bado tu?" anasema. "Bado tu wanauliza?"

Basi ananipa Murjan, kipande kipande,
kama anayetoa mchele kwenye gunia la jirani:
kofia nyekundu, miguu yenye fangasi,
bunduki isiyo yake, adui asiyemjua,
halafu msitu huu, alioambiwa akae, apumzike.
"Fisi walizaa pale panapouzwa chipsi."
Alitoka wapi, lakini?
"Alitoka kazini."
Nyanya.
"Alitoka juu ya mto."
Mto upi?
"Kila mto una juu yake, mwanangu."

Naandika: *mto*. Naweka alama ya kuuliza.
Chai inapoa, inafanya ngozi.

"Hebu nione hilo daftari."
Analisogeza mbali na macho, analisogeza karibu.
"Babu. Baba wa babu. Ndugu wa babu.
Hawa watu walizaana wenyewe kwa wenyewe?"

Ndipo anapomtaja mkewe Murjan,
ambaye sikumwandalia hata mstari.
Bakhita, yaani mwenye bahati:
jina walilompa waliomwokota kivukoni,
meno ya mbele ndiyo kwanza yanaota upya.
"*Walimwokota*, ndivyo walivyosema wao.
Mtoto haokotwi kama embe.
Ana mama anayeita upande wa pili wa maji."
Jina la kwanza hakulisema kwa mtu,
hata kwa mumewe, hata siku ya kufa.
Ila alikuwa na neno moja.
Akimaliza kawa, akikata ukindu wa mwisho kwa meno,
alilisema, polepole, kama anayefunga mlango
mtoto asiamke.

"Si Kinubi. Si Kiarabu.
Nimemuuliza Mlugbara muuza mitumba kule Toi,
nimemuuliza fundi viatu, Mwacholi,
nimemuuliza muuguzi aliyesema kwao ni Kongo.
Wote walitikisa kichwa, kwa adabu."

Neno gani, Nyanya?

Anainua kidole. Tunangoja.
Reli inaanza kuimba kabla ya treni,
kisha vikombe, kisha bati, kisha meno yangu.
Kwenye kishindo hicho ananivuta shingo,
ananiwekea neno sikioni,
mara moja, na harufu ya karafuu.

Usiku nimesikiliza tena.
Dakika ya arobaini na moja: chuma juu ya chuma,
mabehewa, nimeyahesabu, kumi na tisa,
mbwa mmoja aliyekasirika.
Kisha kimya, kisha sauti yake, karibu sana,
akikata ukindu:
"Haya, karani.
Swali la pili."