Nane au Tatu

Mnada umekwisha bandarini Burela, sakafu imepigwa maji,
na mimi, Otilia, mpima mizani wa zamu ya usiku,
navua glavu, natoa darubini mfukoni mwa koti.
Juu ya paa la kiwanda cha barafu shakwe wamejipanga
kama watu wanaosubiri pensheni:
wote wamegeukia upepo, hakuna anayemsalimu mwenzake.
Sitazami mabawa. Sitazami midomo.
Mimi natazama miguu.

Mguu wa njano, mguu wa njano, na huyu ana mmoja tu:
wa pili kaukunja tumboni,
na wenye pete, siku zote, ndio huo.
Nasubiri. Kahawa inapoa chupani.
Eladio, enzi za uhai wake, aliniuliza: watakulipa?
Silipwi. Huandikiwa.

Miaka tisa sasa natuma
tarehe, saa, mahali, rangi ya pete,
herufi kutoka chini kwenda juu.
Na kutoka Norwei Bwana Torgeir hujibu
kwamba huyu alivishwa pete akiwa kinda, Julai, kisiwani,
gramu mia saba, alimtapikia mvishaji viatuni;
kwamba alionekana Uholanzi, jalalani,
kisha Ureno, kisha kimya majira matatu,
kisha wewe, Otilia.
Kisha wewe.
Sijapata kutajwa vizuri hivyo mahali pengine popote.

Asubuhi moja ya Februari, mvua ikipiga kwa ubavu,
shakwe mgongo-mweusi akashusha mguu.
Pete nyeusi, maandishi meupe yaliyoliwa na chumvi:
J, kisha H, kisha tarakimu
iliyokuwa nane, au tatu.
Akaruka.
Nikaandika nane.
Kwa nini nane? Kwa sababu imefungwa pande zote, haivuji.
Kwa sababu ya baridi.
Kwa sababu nilitaka barua.

Torgeir akajibu kwa upole unaouma:
"Bibi Otilia, huyo wa nane alikufa.
Alinasa kwenye ndoano za wavuvi, miaka sita iliyopita.
Pete yake ninayo hapa mezani ninapokuandikia.
Una hakika?"

Asiyekuwepo na lake halipo, watu husema.
Lakini la huyu lilikuwepo:
kipande cha plastiki mezani kwa mtu,
kikikataa ushahidi wangu.
Nimemfufua ndege kwa kalamu,
na yule wa tatu, mzima, mwenye njaa,
aliyesimama mbele yangu juu ya bati, nimemfuta.
Tumezoea kusema chanda na pete.
Kumbe pete huweza kubaki, chanda kikaenda.

Nikajibu: sina hakika.
Maneno mawili, jioni nzima.
Andika J, andika H, kisha nukta
mahali pa nisichokiona.
Akaandika nukta. Akaishukuru hiyo nukta
kuliko alivyowahi kuishukuru namba yoyote.

Leo wako thelathini na mmoja, wengi miguu mitupu.
Mmoja ana pete ya chuma, ndogo mno.
Daftarini: chuma, haikusomeka.
Na pale ukingoni, mgongo-mweusi,
kasimama kwa mguu mmoja.
Basi la saa moja limeshapita.
Shusha, baba.
Sina haraka.