Msoma Kipimo

Saa kumi na mbili alfajiri, sakitu imelala majanini
kama chumvi iliyomwagika,
nashuka ngazi za zege, sitini na mbili,
hadi pale rula ndefu ilipopigiliwa ukutani,
nyeusi, nyeupe, nyeusi,
shingo ya punda milia aliyezama.
Nasoma. Natoa kitochi, napiga.
"Ishirini na moja nukta nne."
Kule Nakuru Moraa anaandika, kalamu naisikia.
"Haya, Mzee Chelal. Kuna baridi?"
"Ipo."
Basi. Mji umejua utakunywa hadi lini.

Kwao hizo ni mita. Mimi nina hesabu nyingine.
Ishirini ni mtarakwa wa mpakani
tuliougombania na kina Towett hadi kwa chifu;
maji yakaja, yakaamua kesi kwa kutunyima wote.
Kumi na saba ni njia panda ya maziwa,
lori la ushirika likipiga honi mara mbili
nasi mbio, mikebe ikitugonga magoti.
Kumi na nne ni kikaushio cha pareto cha baba,
ncha ya bomba lake la moshi,
lililopinda tangu nikiwa darasa la tatu.
Tisa, mlango wa kanisa.
Chini ya tisa sisomi. Hata rula imeishia hapo.

Tulilipwa, sitaki kusema uongo.
Hundi ilikuja na jina langu limekosewa herufi moja;
kwa herufi hiyo benki ya Molo
ilinizungusha miezi mitano.
Kisha wakatafuta mtu anayelijua bonde.

Binti yangu Tapkigen anakaa Pipeline.
"Baba, ghorofa nyingine imeota," huniambia,
kama mtu anayesimulia uyoga.
Mumewe ni mzaliwa wa Lanet, alilelewa na maji ya kisima:
meno yake yana rangi ya majani ya chai,
hucheka amefunika mdomo kwa kiganja.
Zamu ya mtaa wao huja usiku.
Saa nane usiku alinipigia. "Sikia,"
akaishusha simu karibu na mfereji,
nikasikia bonde letu
likianguka ndani ya ndoo ya plastiki.

Halafu kile kiangazi.
Kumi na tisa. Kumi na sita.
Moraa akaacha kuniuliza habari za baridi.
Siku ya kumi na tatu nukta tisa
bomba la moshi lilichomoza,
limepinda vilevile.
Nikavua viatu. Nikavua koti.
Nikaingia, tope mapajani, maji kifuani, nikalishika.
Lilikuwa baridi, limeota konokono.
Nikalinusa. Pareto sikuipata.
Ufuoni, ndani ya koti, simu iliita, ikakatika, ikaita.
Nilijua Kaptembwa mitungi imekwisha panga foleni;
nilijua kila ninachorudishiwa mimi
kimetolewa kwenye sufuria ya mtu.
Na bado, Mungu anisamehe,
niliomba siku moja zaidi ya jua.

"Umechelewa," Moraa akasema.
"Nilikuwa kwa baba."
Hakuuliza. Akaandika.

Aprili mvua ilikuja, mwanzo kwa haya,
kisha kwa fujo ya mgeni aliyelewa.
Mto ukabeba matawi, ndala, ndama mmoja.
Nilisimama ukutani nimelowa, nikifurahi
kama mtu anayefurahi msibani.
Bomba likaondoka asubuhi moja bila kuaga.

Wiki hiyo hiyo Tapkigen aliniletea mjukuu.
Ndirangu, wa miaka minne,
anacheka mdomo wazi, hafuniki kitu,
meno kama punje za hindi changa.
Alichungulia ukingoni, nimemshika ukosi.
"Kugo, ndani kuna nini?"

Nilifungua kinywa. Nikakifunga.
Nikamwonyesha rula, nyeusi, nyeupe,
pale maji yalipogusa,
nikamwekea simu sikioni.
"Kumi na nne," akasema polepole, "nukta moja."
Na kule mjini kalamu ikakwaruza.
"Nani huyo?" Moraa akauliza. "Kuna baridi?"