Namba Saba, Bryn Eithin

Nyumba kumi na moja, paa moja.
Aliyezijenga alikuwa bahili wa kuta:
ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule,
na dohani moja hutumikia meko mawili
kama koti moja la kanisani kwa ndugu wawili.

Walilala humu wachimba sleti, wanane kwa chumba.
Waliezeka nusu ya dunia kwa mawe yao,
wao wakaachiwa mabamba yenye ufa.
Tazama juu: hakuna mawili yanayolingana.
La zambarau, la kijivu, moja la kijani karibu na kilele,
na pale dhoruba ilipong'oa msumari, kipande cha bati.

Bwana Probert wa halmashauri huja na kamera.
Hupiga picha milango, hupima fremu kwa kidole.
"Hili ni eneo la hifadhi, Bi Meinir.
Madirisha ya plastiki, hapana."
Basi nimebaki na ya mbao, ambayo Februari
hupitisha upepo hadi kalenda inajifunua yenyewe,
tukafika Juni kabla ya Kwaresima.
Dirisha limehifadhiwa. Na anayekaa nyuma yake?

Ukuta wa mbele umeota kitambi.
Wameukaza kwa chuma kilichopindwa kama herufi S.
Ndani, unyevu umenipanda hadi kiunoni mwa sebule,
na kuvu limechora ramani ya nchi
ambayo sijawahi kutaka kuizuru.

Akaja Tegwyn na patasi. Akagonga, akasikiliza,
akanigeukia kwa lawama:
"Nani alipaka saruji?"

Baba. Mwaka wa sabini na sita, Jumamosi tatu,
majirani wamesimama barabarani wakimsifu.

"Ukuta huu ulizoea chokaa. Chokaa hupumua.
Baba yako aliuziba pua."

Baba, ambaye vumbi la machimbo lilimziba kifua.

Tukabandua siku nne. Nyuma ya kabati la sahani
Tegwyn akanionyesha ukuta wa namba sita:
unene wa tofali moja, basi.
Kumbe ndiyo maana miaka thelathini nilikijua kikohozi cha Eluned,
redio yake, hesabu zake za usiku, ugomvi wake na paka.
Akiinjika birika, aligonga mara mbili
kwa chuma cha kuchochea makaa.
Nami niligonga mara moja: nakuja.

Namba sita sasa ina kisanduku cha funguo mlangoni.
Wageni huja Ijumaa na masanduku ya magurudumu,
husifu boriti, huondoka Jumatatu.
Bwana Probert anaupenda sana mlango wake.

Jana jioni, nikikwangua saruji ya mwisho,
mtu wa upande wa pili akagonga ukuta, mara mbili,
kwa hasira: acheni kelele.

Nikasimama, patasi mkononi, vumbi kwenye kope.
Kisha, Mungu anisamehe,
nikagonga mara moja
na kuanza kutafuta viatu.