Ladha ya Ufunguo

Barua hufika Jumatatu, zimefungwa kwa uzi,
ofisini kwetu Tartu, ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu.
Nje theluji imegeuka tope.
Kazi yangu ni kusoma jinsi watu wanavyoumizwa na dawa
walizopewa wasiumie.

Heino Lepasaar, miaka sitini na tisa, anaandika:
tangu nianze vidonge vya kushusha lehemu
mapaja yananiwaka.
Ukurasa wa pili, kama anayekumbuka jambo dogo,
anataja kuni. Shehena nzima aliipasua peke yake
wiki ileile, kabla baridi haijakaza.
Naandika pembeni: kuni.
Kisha nafuta. Kwani shoka likiwa na hatia
kidonge hakiwezi kuwa nayo?

Mwingine hana jina. Herufi kubwa tupu,
kalamu imetoboa karatasi: DAWA HII NI SUMU.
Alianza lini? Kiasi gani? Alimeza na nini kingine?
Hasira haina tarehe.
Barua naiweka kwenye faili la njano, lakini siitupi.

Lisemwalo lipo, linanong'ona sikio langu moja.
La pili linawakumbuka wale wa majaribio
waliopewa chaki iliyopakwa sukari
wakarudi na kichefuchefu cha kweli,
wakatapika kweli, kwenye ndoo ya kweli.

Kisha Virve, mfuma soksi wa kisiwani Hiiumaa:
"Mdomo wangu una ladha ya ufunguo."
Siku kumi na moja baadaye, dereva wa trekta kutoka Võru:
"Kama nimelamba ufunguo wa ghala."
Hawajuani. Kati yao kuna bahari na nchi karibu nzima.
Dawa ni ileile. Yeye siku ya nne, huyu siku ya tano.
Waliacha, ladha ikaondoka.
Virve, mkaidi, akameza tena.
Ikarudi.
Hapo ndipo ninaponyanyuka kitini.

Mama aliwahi kuniambia kwa simu
kwamba vidonge vipya vya presha vinamkereketa koo,
anakohoa hadi alfajiri.
Nikamjibu: Mama, ni Februari, nani hakohoi?
Mimi nilikuwa na shahada. Yeye alikuwa na kifua.
Adhabu ya kaburi aijuaye maiti,
na maiti hajazi fomu.
Aprili daktari alimbadilishia dawa. Hakunisuta.
Alinipigia tu, akanyamaza kitambo,
nisikie alivyotulia.

Kwa hiyo leo sipigi muhuri. Nachukua simu.
Bwana Lepasaar, ni mapaja yote mawili,
au lile la upande wa shoka?
Ngoja, anasema.
Nasikia kiti kikisogezwa, mzee akisimama
polepole, akijipima.