Wingu la Ukurasa wa 131

Kila kijisanduku cha njano kina jina la Munib:
Munib, saa nane za usiku,
Munib, saa tisa kasorobo.
Naye Munib ana miaka saba, hulala kabla ya taarifa ya habari.
Kompyuta ni ya babake, jina halikubadilishwa.
"Jina la nini?" alisema Bi Esha. "Mwenye kusoma atanijua."

Nilimjua.
Ghorofani Kuze, pangaboi likikata joto vipande vipande,
nilimfunza mchana mmoja tu:
hapa bonyeza, uandike; hapa buruta, upate mstari;
haya maumbo: mduara, mstatili, mshale,
na hili, kama pamba ya mto, sijui ni la kazi gani.
"La shaka," akasema. Akalifanya lake.

Kurasa mia mbili na kumi na nne za maneno ya jikoni.
Miduara yake haizibi,
kipanya kiliteleza kwenye kitambaa cha meza,
kila neno alilolizingira akaliachia mlango.
Mshale mmoja unatoka *upawa* hadi *mwiko*:
"Hawa ni ndugu. Umewatenganisha kwa nini?"
Na juu ya *friji*, usiku wa manane, peke yake:

*Hili neno si la kwetu, limekuja na mgeni,
lisitoke nyumba yetu, lipe kiti cha pembeni.*

Alhamisi akanitumia faili.
Ijumaa, Mfungo Sita, tukamzika.

Sasa napita nyuma yake.
Nasahihisha, nabonyeza "imetatuliwa",
kijisanduku kinafumba jicho.
Kingine.
Kingine.
Stima ikipotea nangoja gizani, nikisikia cherehani ya jirani
nayo imekwama katikati ya mshono.

Ukurasa wa 131 pana wingu.
Ndani yake: *kifumbu, mfuko wa ukili wa kukamulia tui.*
Nimeligonga mara moja, mara mbili. Halina maelezo.
Saa kumi na dakika sita, na chini yake hakuna kitu.

Nimekwenda Marikiti na karatasi mkononi.
Muuza nazi akacheka: mamake alikiita kung'uto.
Mwenzake akabisha, kung'uto ni kingine, kina mdomo mpana.
Wakagombana hata wateja wakaondoka.
Mama mmoja akaniuliza kama mashine ya kusagia haipo kwetu.
Bintiye Bi Esha akaniambia, huku akikunja nguo:
"Labda alisinzia. Labda aliinuka kuswali, asirudi."

Kompyuta inauliza: *Futa maoni yote? Una hakika?*
Haya maneno mawili hayajui yanamuuliza nani.
Nimefuta mia nne na tisa.
Moja nimeliacha.

Jana mpiga chapa amenipigia simu kutoka Sparki,
mitambo ikinguruma nyuma yake:
"Dada, ukurasa mia thelathini na moja umeingia doa."
Si doa, nikamwambia.
"Basi ni nini? Na lina rangi, rangi ina bei yake."

Nikatazama mkoba wangu.
Lipige jeusi, nikasema.
Lakini usilizibe.