Taarifa ya Korongo Lililohama

Kwa Mkurugenzi wa Wilaya,
kupitia kwa Afisa Tarafa, kama ada:
naandika kuhusu mpaka.

Tangazo linasema mpaka wa kata hizi mbili
"utafuata korongo hadi linapokata barabara ya Mpwapwa."
Aliyeandika hayo aliandika kiangazi.

Mwezi wa kwanza maji yalishuka usiku
na magogo, na mbuzi wawili, na sufuria isiyo na mpini.
Kulipopambazuka korongo lilikuwa nyuma ya nyumba
ya Nyemo, mjane wa Mhembano,
lililokuwa mbele miaka yote.
Nyumba haikusogea hata tofali.
Nyemo hakusogea.
Ila kwa mujibu wa tangazo
amelala Chisejelo, ameamka Igandiwe.

Choo kimebaki kwetu.

Mtendaji wa Igandiwe, Bwana Lechipya,
alifika na pikipiki na kitabu cha michango:
saruji ya maabara, posho ya mgambo.
Nyemo akaleta kopo la maziwa ya unga,
ndani yake stakabadhi zetu, zimekunjwa ndogo ndogo.
"Nimeshalipa."
"Umelipa kule, mama."
"Kule wapi? Mimi sijatoka."

Nilikwenda mwenyewe, na futikamba ya mita hamsini,
kijana Masinjisa akanishikia ncha.
Bikoni tuliiona. Namba haisomeki,
mbuzi wameijikunia mpaka zege limeng'aa.
Tulipima hadi kamba ikaishia mchangani,
tukaanza upya, ikaishia mchangani tena.

Kwenye ramani iliyo ukutani kwangu
korongo ni uzi wa buluu, kama uliopigwa pasi.
Huku buluu sikuiona.
Niliona visima vya kufukua kwa mikono,
kata za kibuyu, ndoo za rangi zote,
wanawake wa Igandiwe na wetu wamepiga foleni moja.
Aliyewahi huteka.
Nilitaka kuuliza nani mkazi wa wapi
nikaona kiu, nikaomba maji.
Sikuuliza yalikuwa ya kata gani.

Mapendekezo:
(a) Mpaka ubaki ulipokuwa.
(b) Korongo lijulishwe.

Naomba radhi kwa (b). Niliiandika usiku, taa ikififia,
na karatasi ya kunakili upya sina.

Jambo la mwisho. Nyemo anauliza
jina lake litabandikwa mlango wa ofisi ipi
siku ya kupiga kura.
Nimemwambia asubiri majibu yenu.
Akasema sawa, akarudi kupalilia uwele.
Mstari wake wa nne unaanzia kwetu,
unapita katikati ya korongo la zamani,
na pale pale, penye tope jipya,
uwele umemfika kiunoni.

Mawingu yamekaa juu ya Kiboriani tangu jana.
Tafadhali jibuni mapema.