Kupima Ukuta wa Mama Nsimire

Siku ya tisa bomba la Katoyi halitoi kitu,
na ukuta wa Mama Nsimire unalowa.
Anaukwangua kwa kijiko, lipu inamwagika kama unga.
"Maji haya," anasema, "njia ya chumba changu yanaijua,
ya bidoni yangu hayaijui."

Mimi nimeleta sanduku. Ndani yake sumaku mbili
zimetazamana kama wake wenza,
katikati nafasi ya kipande kimoja,
unene wa kidole gumba.

Kila tone, mama, lina viini vinavyozunguka kama pia za watoto.
Sumaku inavipanga wima, foleni ya mshahara;
wimbi la redio linavilaza chini;
kisha nanyamaza, nasikiliza
vinavyoinuka, vinavyosahau.

Maji ya tundu pana husahau polepole:
yana uwanja, hayasukumani na mtu.
Yaliyobanwa katika ufa mwembamba kuliko unywele
hugonga kuta, hugonga tena, hunyamaza upesi.
Ndivyo ninavyolijua tundu nisiloliona.

Mstari ukachorwa kwenye skrini. Ukaanguka
kabla sijashusha pumzi.
Nikarudia. Ukaanguka.
Jiwe hili lilishuka mlimani likiwa uji wa moto,
limebeba chuma tumboni,
na chuma kinampigia shahidi wangu kelele
kabla hajafungua kinywa.

Bauma, aliyeujenga ukuta huu juu ya lava
ingali na joto kwenye nyayo,
hakusema kitu. Akaegemeza shavu.
Akashuka kidogo. Shavu tena.
"Hapa. Jiwe halina kosa, jiwe linapumua.
Ni saruji mliyonilazimisha kupaka."

Nikakata saruji pale palipokuwa na shavu lake.
Safari hii mwangwi ulikuja, mfupi lakini mnene:
vitundu maelfu, vimejaa, havina mlango.
Nikaandika nambari zote.
Chini yake nikaandika: shavu la Bauma, sentimeta arobaini.

Mama Nsimire alikuwa na swali moja tu.
"Yananyweka?"

Sikuwa na kipimo cha hilo.
Nje jirani alipita akisukuma chukudu,
bidoni kumi na mbili kutoka ziwani,
maji yakigonga plastiki
kwa sauti inayosikika bila sumaku.